Zebaki si Utaridi
Juzi mwanafunzi mmoja wa sekondari aliniuliza: "Mwalimu, sayari ya Zebaki imejaa zebaki?" Nikacheka, kisha nikaona kosa si lake. Zebaki ni ile metali ya majimaji tuliyoizoea kwenye vipimajoto vya zamani. Wanaalkemia wa Ulaya ndio walioibandika metali hiyo jina la sayari, Kiingereza kikabaki na neno moja kwa vitu viwili. Mtafsiri wetu naye akaipandisha zebaki hadi angani! Ilhali elimu ya falaki ilishatupa Utaridi, neno lenye asili ya Kiarabu sawa na Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hao wanne tumewahifadhi. Huyu wa tano ametukosea nini? Tumrudishieni jina lake.