Titi la Kushoto, Pumzi Ikaachwa Huru

Skani ya kupangia tiba ya mionzi ilipigwa mama akipumua kawaida, na mpango ukaharibikia hapohapo. Mlioutazama mliona: miale miwili ya mshazari, na ncha ya moyo ndani ya uwanja wa mionzi. Mpangaji alipoulizwa kwa nini mgonjwa hakubanishwa pumzi, akajibu kwamba hawana kamera ya kufuatilia kifua.

Jibu hilo silikubali. Pumzi ya kawaida husogeza ukuta wa kifua milimita chache tu. Kwa miale ya mshazari, titi halikosi dozi yake. Unaoumia ni moyo. Mgonjwa akivuta pumzi ndefu na kuishikilia, kiwambo hushuka, pafu hujaa, moyo hujitenga na mbavu. Kwa wengi, wastani wa dozi ya moyo hupungua karibu nusu. Nusu nzima! Na tangu 2013 Sarah Darby na wenzake walionyesha kwamba kila grei moja ya wastani huo huongeza hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, wala hawakuona kiwango kisicho na madhara.

Kamera ya nini? Mwaka huohuo, utafiti wa HeartSpare wa Royal Marsden, Uingereza, ulilinganisha kifaa cha kufunga pumzi na wagonjwa waliojibania wenyewe, mafundi wakitazama alama za ngozi na mwanga wa uwanja. Moyo ulikingwa vilevile, kwa gharama ndogo. Wazee wetu wa enzi za mashine za kobalti, waliopima umbo la kifua kwa waya wa risasi na kulichora kwenye karatasi, wasingengoja kamera. Nimelalamika kabla na nitalalamika tena: tunanunua mashine, mafunzo hatununui.

Mengine yalikuwa safi: grei 40 kwa vipindi 15, pembe nzuri.

Kisha nikasikia eti mama mwenyewe, mtu wa Pap Onditi, asingeweza kubana pumzi. Nani alimjaribu? Ni sekunde 20 hivi za kushikilia pumzi, na maagizo yatolewe kwa Dholuo, si Kiingereza cha kipaza sauti.

Kwa hiyo, akija mwingine wa titi la kushoto, mfanyisheni mazoezi kwanza. Mpigeni skani mbili, ya pumzi huru na ya pumzi iliyobanwa, na daktari asitie sahihi kabla ya kuziona zote.