Kichomi: Mizani Iliyotupwa Pamoja na Vina

Uamuzi wa Euphrase Kezilahabi wa kuvitupa vina na mizani kwa mkupuo mmoja katika diwani ya Kichomi (1974) hauteteki, na nusu karne ya sifa haijaurekebisha. Mzaliwa huyo wa Ukerewe, aliyekipenda Kiswahili hadi kukifanya kazi ya maisha yake, aliandika riwaya, ushairi, tamthilia, hadithi fupi na uhakiki. Rosa Mistika, Kichwamaji na Gamba la Nyoka ni kazi za fundi, na Nagona ilithubutu kupita zote. Kosa limo mahali pamoja.

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, yaani mstari wa shairi, na vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande vyake. Uchukuliwe mshororo uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu: "Maneno aliyapenda, tangu alipozaliwa." Kila kipande kina mizani 8, "nda" ni kina cha kati, na "wa" ni kina cha mwisho. Mwimbaji hupumua penye mkato, na pumzi hiyo humpa msikilizaji nafasi ya kushika kipande cha kwanza kabla cha pili hakijaingia. Mshororo huohuo ukiandikwa "Alipenda maneno / tangu azaliwe", maana haipungui, lakini mizani imekuwa 7 kwa 6, na sikio halijui litarajie nini katika mstari unaofuata. Kinachobaki kumwongoza msomaji ni mahali mwandishi alipoukata mstari kwenye karatasi, jambo ambalo jicho huliona na sikio hulikosa.

Kina kingeweza kuachwa, mizani ikabaki kuushika mstari. Mapokeo yenyewe yalikwisha kuionyesha njia hiyo, kwa kuwa utenzi, shairi refu la kusimulia lenye mishororo ya mizani 8, haudai kina cha kati, na hata shairi lenye kasoro ya vina au mizani lilikuwa na jina lake, guni. Mwanamapinduzi mwenye subira angeivunja nguzo moja, akasikiliza, ndipo akaigusa ya pili.

Hoja iliyotolewa kuutetea mtindo huo, kwamba ushairi utumie lugha ya mazungumzo ya kila siku, haikuhitaji gharama hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikwisha kuzitia siasa, mapenzi na shida za mjini ndani ya mishororo iliyopimwa barabara. Dhaifu zaidi ni hoja ya wakereketwa wa mtindo huru kwamba kanuni hizo, ambazo Amri Abedi alizipanga kitabuni mwaka 1954, ni mali ya watu wa pwani na mzigo kwa watu wa bara. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, na ndiye aliyeikuza ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayoigizwa jukwaani, bila kupunguza hata silabi moja. Shaaban Robert naye alipita katika riwaya, insha, wasifu na tenzi, na upana huo haukumlazimisha kuiacha mizani.

Kezilahabi hakuwa mgeni wa urithi huo, kwani tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilimhusu Shaaban Robert mwenyewe kama mwandishi wa riwaya. Kwa kipaji chake aliweza kulifidia pengo kwa takriri, yaani marudio ya makusudi ya neno au sauti, na kwa taswira kali. Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008) zinathibitisha kwamba hakuwahi kukosa la kusema. Lakini kanuni hupimwa kwa wale wanaoirithi, na wengi waliomfuata walichukua ruhusa wakaacha sikio, wakaandika insha fupi zilizokatwakatwa na kuziita mashairi. Lawama ya kazi hizo ni ya waliozitunga. Aliyeufungua mlango bila kuacha kipimo kingine ana sehemu yake.