Perl, Python na Bash katika bomba moja

Chukua seva inayotoa ripoti ya mauzo kila usiku. Perl inasafisha kumbukumbu za siku, Python inajumlisha, na Bash ndiyo inayoziendesha zote mbili. Zinaelewana kwa sababu ya mapatano yaliyozitangulia lugha zote tatu.

Mwaka 1964, Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, alipendekeza programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji kazi zaidi, unachomeka kipande kingine. Mwaka 1973 Ken Thompson aliliingiza wazo hilo katika mfumo endeshi wa Unix. Kila programu huanza na njia tatu: 0 ya kupokea, 1 ya kutoa, 2 ya makosa. Bomba, yaani alama |, huunganisha njia 1 ya programu ya kwanza na njia 0 ya inayofuata:

perl safisha.pl mauzo.log | python3 jumlisha.py > ripoti.txt

Kinachopita humo ni baiti tupu. Orodha iliyomo ndani ya Perl haifiki Python mpaka igeuzwe maandishi, na hapo ndipo wengi hukwama. Jina la bidhaa lenye mkato linatosha kuvuruga safu zilizotenganishwa kwa mikato. JSON, rekodi moja kila mstari, huondoa tatizo hilo, na lugha zote mbili huja na maktaba yake.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Perl ikifa katikati, Python hupokea mistari michache, huijumlisha na kumaliza kwa msimbo 0, yaani salama. Kwa kawaida Bash hutazama msimbo wa programu ya mwisho tu. Kwake kazi imefanikiwa, kumbe jumla ni pungufu. Dawa ni kuandika set -o pipefail mwanzoni mwa skripti ya Bash, ili kufeli kwa programu yoyote kuhesabike kuwa kufeli kwa bomba zima. Kisha ripoti iandikwe kwenye faili la muda, lipewe jina lake halisi msimbo ukiwa 0 tu. Ujumbe wa uchunguzi nao upelekwe njia 2, usije ukachanganyika na data.

Kwa hiyo, kabla hujaandika upya skripti ya Perl inayofanya kazi ili tu ifanane na za Python, kagua kwanza umbo la data na misimbo ya kumalizia. Mara nyingi kasoro iko kwenye maungio, na kubadili lugha hakutaiondoa.