Bati Lililopelekwa kwenye Mizani

Mpwa wangu alipaua nyumba yake Kigamboni mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili akanipigia simu. Dari ilikuwa haijafungwa, masika yanakaribia, na fundi anadai malipo ya mwisho. "Mjomba, njoo ulitazame hili paa kabla sijamaliza fedha yote," aliniambia. Nilimwomba jambo moja tu kwanza: mafundi wa jipsamu wasianze kazi mpaka nifike. Dari ikishafungwa, kenchi, papi zinazoshikilia bati juu ya kenchi, na wolpleti, ile mbao inayolala juu ya ukuta, huonekana tena kwa kubomoa tu, na hakuna mwenye nyumba anayekubali kubomoa dari mpya ili ahesabu mbao.

Karatasi ya mkataba ilitaka paa la mgongo wa tembo lenye mwinamo wa nyuzi 25, kenchi kila mita 1.5, papi kila sentimita 90, mbao zilizotiwa dawa, wolpleti iliyofungwa kwa nondo kwenye mkanda wa zege, na bati la rangi la geji 28.

Tulianzia ndani, tukiwa na ngazi, tochi na futikamba. Kenchi zilikuwa sawa. Wolpleti nayo ilikuwa sawa, na hilo lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu karibu na bahari upepo hauliangushi paa, hulinyanyua. Mbao tulizipima kwa msumeno: tulikata sentimita chache kwenye ncha iliyobaki nje ya ukuta tukaangalia rangi ya ndani. Dawa iliyosukumwa kwa mashine huingia kwenye nyama ya mbao, ilhali mbao iliyochovywa tu huwa ya kijani nje na nyeupe ndani. Hizi zilikuwa zimelowa dawa kweli.

Papi ndizo zilizonikunja uso. Upande wa mbele zilikuwa sentimita 90 kama ilivyoandikwa. Upande wa nyuma, ambao mgeni haufikii, ziliachana sentimita 120. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo. Lakini upepo unapokandamiza au kunyanyua bati, kunyumbuka kwake kati ya papi mbili hufuata kipeo cha nne cha nafasi hiyo. Ongeza nafasi kwa theluthi moja, bati linyumbuke zaidi ya mara 3. Likinyumbuka hivyo kila kusi linapovuma, tundu la msumari linapanuka taratibu, mpira wa msumari unalegea, na maji yanapata njia.

Kisha tukafika kwenye bati lenyewe. Fundi alikuwa na jibu tayari: chapa ya nyuma inasema 28, karatasi inasema 28, kesi imekwisha. Hapo ndipo ilinibidi nimweleze mpwa wangu kwamba geji ni jina la namba iliyo kwenye jedwali, na majedwali ni zaidi ya moja. Kwenye jedwali la zamani la Uingereza, geji 28 ni milimita 0.376, na geji 30 ni milimita 0.315. Kwenye jedwali la Marekani la bati lililopakwa zinki, geji 28 ileile ni kama milimita 0.475. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kutamka neno moja huku kila mmoja ana unene wake kichwani. Inasikitisha, maana unene ndio mwenye nyumba anaoulipia.

Nilikuwa na mikromita. Nilipima mahali sita kwenye kipande kilichobaki, mbali na kingo iliyokatwa kwa sababu pale chuma hukunjamana na kudanganya. Ikasoma milimita 0.32, rangi ikiwemo. Fundi akasema kifaa changu kimeharibika. Sikubishana naye, nikaomba mizani.

Kipimo cha uzito hakihitaji kuamini kifaa cha mtu yeyote. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85. Tulikata kipande cha urefu wa mita 1 kamili. Upana hatukuupima kwa kunyoosha futikamba juu ya migongo. Tulilaza uzi ukifuata kila mgongo na kila bonde, tukapata sentimita 92. Hiyo ni mita za mraba 0.92. Kama bati lingekuwa geji 28 hata kwa jedwali la Uingereza, lenye unene mdogo zaidi kati ya hayo mawili, kipande kingekaribia kilo 2.7. Tukakipeleka duka la nafaka la jirani, mwenye duka akakiweka kwenye mizani yake ya unga mbele ya fundi: kilo 2.2. Ukigawanya, unapata milimita 0.305, na humo mna uzito wa rangi na tabaka la kinga. Lilikuwa bati la geji 30, au chini yake kidogo. Fundi alinyamaza, na naamini kweli hakujua. Yeye hakulitengeneza, alilipandisha tu.

Mwinamo tuliupima haraka. Laza pimamaji ya mita 1, ncha moja ikiwa juu ya bati, iweke sawa, kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka hadi kwenye bati. Nyuzi 25 zingetoa milimita 466. Tulipata 372, yaani kama nyuzi 20. Kwa nyumba yenye upana wa mita 10, hapo bati limepungua kwa karibu asilimia 3, na kenchi zimefupika kwa karibu nusu mita. Maji bado yatatiririka vizuri kwenye nyuzi 20, kwa hiyo nilimshauri mpwa wangu asililie hilo. Akate tofauti ya vifaa kwenye malipo.

Papi, hata hivyo, sikukubali ziachwe. Kwa kuwa dari ilikuwa wazi, hatukuvua bati hata moja. Nafasi iliyo kati ya mgongo wa kenchi na bati ni sawa na kimo cha papi, hivyo mafundi waliingiza papi mpya kwa kuzitelezesha juu ya kenchi, wakazigongelea kwa ubavuni kutoka ndani, kisha mmoja akapanda juu kupiga misumari yenye mpira juu ya migongo. Kwa kuwa bati ni jembamba, papi za upande wa nyuma zikawa kila sentimita 60.

Juu huko fundi aliyepanda aliona pia madoa madogo ya kutu pembeni mwa kofia ya paa. Mabati yalikatwa kwa grainda juu ya paa, na cheche zilizotua kwenye rangi zilikuwa zimeshaanza kuota kutu kwa chumvi ya bahari. Zilifagiliwa, pale palipoungua pakapakwa rangi.

Bati lilibaki lilelile kwa bei ya geji 30, baada ya siku mbili za mazungumzo na muuzaji. Mpwa wangu sasa anajenga banda la uani. Kwenye mkataba wake mpya neno geji halimo. Pameandikwa: chuma milimita 0.40 kabla ya rangi, na kipande cha mita moja kutoka kila mzigo kipimwe kwenye mizani kabla bati halijapandishwa.