Mfuko wa Phileas Fogg, nani aliubeba?

Kuko kitabu kimoja ambacho wengi wetu tulikipitia ku sekondari, wengine kwa kukisoma, wengine kwa kunakili resime ya mwenzao usiku wa mbele ya interro: Le Tour du monde en quatre-vingts jours, cha Jules Verne. Kilitoka kwanza vipande vipande mu gazeti Le Temps mwaka wa 1872, halafu kikachapwa kama kitabu mwaka wa 1873. Mi nilikipenda sana, tena nilikipenda juu ya ukurasa mmoja. Leo nataka kugombana na ule ukurasa.

Ni pale Phileas Fogg anarudi kwake jioni kutoka ku klabu, ameisha kuweka mchezo wa pauni 20 000 na rafiki zake, na anamwambia mtumishi wake Passepartout kwamba wanaondoka baada ya dakika 10 kwenda kuzunguka dunia. Masanduku? Hapana. Mfuko mmoja tu wa safari. Ndani, mashati mawili ya sufu na soksi jozi tatu, na hesabu ile ile kwa mtumishi. Mengine watanunua njiani. Nilisoma hayo nikiwa na miaka 16, ku nyumba ambamo mtu akienda tu Uvira siku mbili anafunga vitu kama anayehama. Nikasema: huyu njo mtu huru. Siku nitasafiri, nitasafiri kama yeye.

Nadhani si mi peke yangu. Zile video za vijana wa Ulaya wanaokunja suruali kama chapati na kuingiza maisha yao yote mu sakado moja, wale wote ni watoto wa Fogg, hata kama hawamjui. Wanahubiri jambo lile lile: beba kidogo, utakuwa huru. Na sisi tunazitazama na megabaiti za kuhesabu, tunaitikia amina.

Sasa turudie ukurasa wenyewe polepole, maana nilipousoma mara ya kwanza niliruka mistari. Baada ya mashati na soksi, Fogg anafungua ule mfuko na kuingiza ndani furushi nene la noti: pauni 20 000 za Benki ya Uingereza. Halafu anamwambia Passepartout auchunge vizuri, na anamtajia kiasi kilichomo. Verne anaandika kwamba mfuko ulikaribia kumponyoka Passepartout mikononi, kama vile zile pauni zingekuwa dhahabu tupu. Mara ya kwanza nilicheka hapo. Kumbe hapo ndipo kitabu kinasema ukweli wake wote. Mfuko ni mwepesi juu ya kilichomo ndani, na anayeubeba si mwenyewe. Huyo bwana anayesafiri bila mzigo ana mikono mitupu kwa sababu kuko mikono ya mtu mwingine.

Endelea kuhesabu. Reli ya India, ambayo magazeti yalisema imekamilika, inakatika katikati. Fogg ananunua tembo kwa pauni 2 000. Ku Calcutta wanashikwa na kufikishwa mbele ya jaji. Analipa dhamana pauni 1 000 kwa kila mmoja wao na kupanda meli. Mu Atlantiki makaa ya mawe yanaisha. Ananunua meli kwa dola 60 000 ili apate haki ya kuchoma mbao zake. Mwisho wa safari karibu pauni 19 000 zimekwenda. Hizo ndizo valizi za Phileas Fogg. Aliziacha zote dukani na kuzilipia kila alipozihitaji.

Na kuko jambo la pili, ambalo msomaji wa London au wa Paris hawezi kuliona. Ku Suez, Fogg anampelekea konsuli paspoti yake apigiwe viza. Konsuli anashangaa. Anamwambia hiyo kazi haina maana, hatuombi tena hata kuona paspoti. Fogg anajibu kwamba anajua, anataka tu muhuri uwe ushahidi kwamba amepita pale. Jamani. Mtu anaenda kuomba viza ambayo hakuna anayemuomba, kama anayekusanya picha za wachezaji! Nimerudia kurasa hizo mbili mara nyingi, na kila mara nacheka kicheko kibaya.

Juu ya hicho kicheko, acha nieleze safari yangu.

Nilikuwa natoka Bukavu kwenda Kinshasa kuweka dosie ya viza. Wakati huo ndege bado zilikuwa zinaruka Kavumu. Nikaamua: siku nne, sakado moja, kilo 7, basi. Nguo tatu, telefone, chaja, na dosie. Usiku wa mbele ya safari shangazi yangu akaja na furushi limefungwa mara tatu mu plastiki. Kilo tatu za sambaza kavu, za kumpelekea mwana wake, ambaye njo angenipokea kule.

— Mwana, tia tu hii mu kasakoshi yako. Haina hata uzito.

— Shangazi, nasafiri na mfuko moya tu. Na sambaza zitanusisha nguo.

— Yaya yako hajakula sambaza ya kwetu miaka ine sasa.

— Shangazi, unisamehe, nafasi hakuna.

Hakukasirika. Akaangalia mfuko, akaangalia furushi, akasema «haya, ende muzuri», akabeba sambaza zake na kushuka kilima. Nikajiona nimeshinda. Fogg angenipa mkono.

Ku N'djili, yaya yangu alikuja kunichukua. Akashika sakado yangu, kisha akaangalia nyuma yangu, kama kwamba kungekuwa mtu mwingine anasukuma valizi. Mu taksi ndipo aliuliza, kwa sauti ya chini: «Mama hakutuma kitu?» Nikamjibu kwamba ku uwanja wa ndege walikataa samaki. Nilidanganya, wapendwa, nikiwa na diploma yangu yenye mihuri juu ya magoti.

Siku nne zikawa wiki tatu, juu karatasi moja ilikosa muhuri, na ile ingine ilikuwa na herufi moja tofauti mu jina la baba yangu. Nguo zangu tatu zilichoka wiki ya kwanza. Niliyemaliza kuvaa vikwembe vyake ni muke wa yaya. Sabuni yake, viatu vyake vya siku ya miadi, koti lake, kitanda cha watoto wake waliolala chini. Asubuhi moja nilimkuta ananifulia blausi ile ya pekee ili ikauke mbele ya saa mbili. Nikasimama pale mu parsele nikijua kabisa kurasa gani nimo. Huyu mama hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa Passepartout.

Na mfuko wenyewe? Mwisho nusu yake ilikuwa dosie. Hati ya kuzaliwa na kopi zake, matokeo ya miaka mitano, releve ya banki, barua za watu wa kunishuhudia. Nguo unaweza kuzikunja kama kwenye video, muhuri haukunjwi. Ndiyo maana nasema hili somo la «kusafiri mwepesi» ni somo la watu ambao paspoti yao inafungua mlango peke yake. Wengine tunabeba mlango wenyewe, na bawaba zake.

Mutaniambia: Verne aliandika kitabu cha mchezo, unamdai nini? Namdai kidogo sana, kwa kweli. Naona aliyajua haya yote kuliko sisi tuliomsoma haraka. Nani alimlazimisha kutuletea hadithi ya gazi? Passepartout mu haraka aliacha gazi inawaka chumbani kwake. Fogg anamwambia itawaka kwa hesabu yake. Mwisho wa kitabu, Fogg anagawa pauni 1 000 zilizobaki kati ya Passepartout na Fix, yule polisi aliyewafuata kila bandari. Lakini ku sehemu ya Passepartout anakata kwanza bei ya gazi ya saa 1 920. Mtu aliyebeba mfuko dunia nzima, akamuokoa mjane ku moto wa mazishi, njo analipishwa taa! Mwandishi asiyeona hapo kitu hangeihesabu saa kwa saa. Kosa langu na Verne ni jingine: anaona, anatabasamu, anapita. Passepartout hapewi hata ukurasa mmoja wa kusema mkono wake unauma.

Kwa hiyo mtu akiniomba kitabu juu ya safari ya mfuko mmoja, simpi tena Verne. Nampa Nellie Bly, mwandishi wa gazeti wa Marekani, aliyeondoka tarehe 14 Novemba 1889 kumshinda Fogg na akarudi baada ya siku 72. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia kwanza kwamba mwanamke hawezi safari hiyo, atahitaji mtu wa kumlinda na masanduku mengi. Alikwenda peke yake, na gauni moja mwilini na kasakoshi kamoja ka mkononi, pesa zimefungwa shingoni. Tena anatueleza kila kilichokuwa ndani, mpaka wino, sindano na uzi. Na anaungama juu ya chupa ya krimu ya uso: ilimsumbua njia nzima, mfuko haukubali kufunga juu yake, na hakuitupa. Ile chupa naiamini kuliko soksi zote za Fogg. Nyuma yake kulikuwa gazeti tajiri la New York, sisahau hilo. Lakini mkono uliochoka ulikuwa wake.

Viza? Hiyo ni hadithi ya siku ingine.

Siku ya kurudi, yaya yangu aliingia na valizi kubwa, ya zamani, gurudumu moja limevunjika. Ndani: dawa za presha za mama yake, kikwembe kipya cha wax, maziwa ya unga, viatu vya watoto wa jirani. Juu yake sakado yangu, imelala kama mtoto mgongoni.

— Mudogo yangu, mama alinipigia simu ile siku ya kwanza, mbele ufike. Aliniambia hakukuwa nafasi.

Nilitafuta neno, sikulipata. Akacheka tu, akanisukumia valizi.

— Beba. Haina hata uzito.

Ku mizani ya N'djili ilisoma kilo 22.