Jicho la Dafnia Hutangulia, Ubongo Hufuata

Dagaa na furu wa Ghuba ya Mwanza hula wanyama wadogo mno waeleao majini, na miongoni mwao yumo dafnia, jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Mwanga hupenya mwili wake, hata viinitete alivyovibeba mgongoni huonekana kwa hadubini ya kawaida. Kwanza hutokea madoa mawili ya macho, moja kila upande wa kichwa. Baadaye husogeleana na kuungana kuwa jicho moja lenye vijicho 22, kila kimoja na seli 8 za kupokea mwanga. Ugumu uko nyuma ya jicho hilo: nyuzi 176 za neva zinajuaje pa kushika?

Jibu zito lilitoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1973. LoPresti, Macagno na Levinthal walikata viinitete vya Daphnia magna vipande vyembamba mfululizo, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni, kisha wakaviunga upya kwa kompyuta. Katika nyuzi nane za kila kijicho, mmoja hutangulia. Ncha yake ikigusa seli changa ya neva, seli hiyo huuzunguka uzi na kuukumbatia, na hapo ndipo huanza kukomaa. Uzi husonga mbele hadi umegusa seli tano; zile saba huja nyuma yake. Vijicho vya katikati huanza, vya pembeni hungoja zamu. Kwa ushahidi huu naona kwamba jicho ndilo linaloamsha sehemu ya ubongo itakayolihudumia.

Mtu atapinga kwamba kutangulia si kusababisha, na ana haki. Ndiyo maana jaribio la baadaye la Macagno lina uzito: aliharibu seli za jicho changa kwa miale ya urujuanimno, na seli za ubongo zilizokosa uzi zikafa. Wengine watasema yote yamekwisha kuandikwa katika jeni. Lakini dafnia huweza kuzaa bila dume, na watoto hao hurithi jeni zilezile za mama. Hata hivyo, matawi ya neva zao hayakulingana kikamilifu. Jeni huleta seli na kanuni, mgusano huamua undani.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la uduvi wa ziwani, Caridina nilotica, mwenye vijicho vingi kuliko dafnia. Kwa jamii yake, vijicho vipya huongezwa ukingoni mwa jicho mnyama anapokua. Nyuzi mpya nazo zikitafuta pa kushika, kanuni ya kungoja zamu hapo inahitajika zaidi, ingawa kilichothibitishwa kwa dafnia hakiwezi kuhamishiwa kwake bila kupimwa. Walimu wa biolojia wa Mwanza, chovyeni chandarua chembamba ziwani na muwaonyeshe wanafunzi viinitete vya dafnia vikiwa hai.