Spoki Tano na Sweta ya Mnadani

Kondoo wa nyanda za juu za Ngorongoro hawana sufu. Wale wekundu wenye mkia mnene, wanaochungwa na Wamasai kandokando ya kreta, wana nywele fupi zinazowafaa wenyewe katika jua na mvua, lakini hazisokoteki kuwa uzi. Sufu inayovaliwa huku imekatwa migongoni mwa kondoo wa mbali, ikafumwa sweta, ikavaliwa na mtu asiyejulikana, ikafungwa kwenye belo la mitumba, na mwishowe ikamwagwa juu ya turubai katika mnada wa Karatu. Kazi ninayotaka kuieleza inaanzia hapo, kwa bibi mmoja aliyechuchumaa mbele ya lundo akigeuza sweta ndani nje, moja baada ya nyingine.

Haangalii rangi kwanza. Anaangalia mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi nyembamba za cherehani, anairudisha sweta lunduni hata kama ni mpya kabisa, kwa sababu ukiifumua utapata vipande vya uzi vyenye urefu wa upana wa kifua na si zaidi. Anachokitafuta ni sweta ambayo kila kipande chake kilifumwa kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa kwa uzi mmoja. Ukiupata uzi huo na kuukata mahali panapostahili, kila kipande kinarudi kuwa uzi mrefu usiokatika. Halafu anachomoa kipande kidogo cha uzi na kukiunguza kwa kiberiti. Kikinuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika kwa vidole, ni sufu. Kikiyeyuka na kuganda kuwa tone gumu jeusi, ni plastiki. Hiyo nayo ina kazi zake, kofia za watoto kwa mfano, kwa kuwa inafulika bila uangalifu mwingi. Lakini ya kupeleka ukingoni mwa kreta, bibi anataka sufu.

Ana sababu. Mji wa Karatu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unazidi mita 2,200. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki hupandisha unyevu kwenye miteremko yenye msitu, ukungu ukatanda barabarani, na alfajiri kwenye lango la hifadhi, Lodoare, utawakuta madereva wakipuliza viganja vyao. Mwongoza watalii atasimama muda mrefu chini ya paa la gari lililoinuliwa. Askari wa hifadhi yuko nje tangu usiku, na mchungaji naye. Shuka hufunika mwili vizuri, ila kichwa, masikio na vidole hubaki. Sufu ina sifa moja: hata ikilowa ukungu, bado inashika joto.

Kufumua kunafanyika nyumbani, kwenye kibaraza ambapo kikundi chake cha akina mama hukutana alasiri. Mmoja anavuta, mwingine anazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Uzi unatoka ukiwa umejikunja, kila pindo likikumbuka kitanzi lilimokaa kwa miaka. Hauwezi kufumwa hivyo. Kitambaa kitatoka na mabonde. Kwa hiyo fungu zima linafungwa kwa kamba sehemu nne lisije likavurugika, linalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, na kukamuliwa kwa kubanwa tu. Halisuguliwi wala halisokotwi, na maji hayawi ya moto, maana sufu ikisuguliwa kwenye joto hugandamana ikawa kama kipande cha zulia. Kisha linatundikwa kwenye kamba ya nguo, na chini yake inaning'inizwa chupa ya maji. Uzito wa chupa ndio unaonyoosha. Likikauka, uzi umelala. Mahali ulipokatika, bibi anazichambua ncha mbili, anazilowanisha, anazilaza moja juu ya nyingine na kuzisugua katikati ya viganja mpaka zinashikana. Hakuna fundo. Nilipapasa sehemu ile nikijua ilipo, vidole vyangu havikuiona.

Sindano zake ni spoki za baiskeli. Fundi baiskeli humwachia zile zilizotolewa kwenye gurudumu lililopinda. Unene wake ni milimita mbili hivi, chuma kigumu kisichokunjika ovyo. Anakata kichwa kilichopinda upande mmoja na sehemu yenye nati upande wa pili, inabaki shibiri moja na ushee. Ncha zote mbili zinanolewa kwenye jiwe, kisha msasa, kisha anazipitisha kwenye nywele zake na kwenye shavu. Ncha ikikwaruza shavu, itakwaruza uzi pia, na inarudi kwenye msasa. Seti moja ni spoki tano: nne za kubeba, moja ya kufanya kazi. Madukani zipo sindano za kununua, ndefu na zenye rangi, na baadhi ya akina mama wanazo. Bibi anasema spoki zinampa kitambaa kilichobana, na upepo wa kule juu haupiti kwenye kitambaa kilichobana. Nimezishika kofia za aina zote mbili na ninakubaliana naye.

Kofia ni ile ya kuvuta hadi masikioni, ambayo vijana wanaiita mzula. Anapima pima moja ya uzi kwa kunyoosha mikono, anauacha mkia huo uning'inie, na kuanza kutia vitanzi kwenye spoki. Kidole gumba kinashika uzi mmoja, cha shahada kinashika mwingine, ncha ya spoki inaingia chini, inazunguka, inatoka na kitanzi. Midomo inahesabu bila sauti. Vitanzi 128, thelathini na mbili kwa kila spoki. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya kichwa tu; inagawanyika kwa nne na kwa nane, na faida yake itaonekana mwishoni kabisa, kofia itakapoanza kufunga.

Kabla ya kuunganisha duara anasimama. Anazilaza spoki nne mapajani na kukagua kama vitanzi vyote vimetazama upande mmoja. Kimoja kikijizungusha kwenye chuma wakati wa kuunganisha, bomba zima litatoka limepinda, na hakuna dawa ila kufumua yote. Ukaguzi huu unachukua muda kuliko mtu angetarajia kwa mikono yenye kasi kama yake. Ndipo anaanza.

Sehemu ya chini ni vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, kuzunguka hadi mwisho na tena. Vya mbele vinatokea upande wa kuonekana vikiwa laini, vya nyuma vinaacha vifundo. Vikipangwa kwa zamu, kitambaa kinajikunja mbavu mbavu, kinajivuta chenyewe na kutanuka kinapovutwa. Bila mbavu hizo ukingo wa kofia ungejiviringisha juu kila mara. Anafuma mbavu sentimita kumi, kama mizunguko 36, ili ukingo ukunjwe mara mbili juu ya masikio.

Hapa nilikaa nikatazama mkono wake wa kushoto tu. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada, chini ya cha kati, juu ya cha pete, na kushikwa na kidole cha mwisho bila kubanwa. Mkono wa kulia unaonekana ndio unaofanya kazi, lakini wa kushoto ndio unaoamua. Unaachia uzi wa kitanzi kimoja, unaushika, unaachia tena, kipimo kilekile. Akiongea na jirani kipimo hakibadiliki. Mtoto alipokuja kuegemea bega lake, alihamisha bega na kipimo kikabaki. Sehemu moja tu anabadilisha kwa makusudi: anapotoka spoki moja kwenda nyingine, kitanzi cha kwanza anakivuta kidogo zaidi, kwa sababu pale kwenye kona uzi hulegea na kuacha mfereji unaopanda kofia nzima kama ngazi. Nilizihesabu kona zake nne kwenye kofia iliyokwisha, nikiigeuzageuza kwenye mwanga. Sikuziona.

Juu ya mbavu zinakuja sentimita kumi nyingine za vitanzi vya mbele peke yake. Hiyo ni sehemu tulivu, na hapo mazungumzo ya kikundi huwa marefu: bei ya vitunguu vya Mang'ola, mvua, nani amejifungua.

Utosi ndio unaohitaji ukimya. Duara linagawanywa mafungu manane ya vitanzi kumi na sita. Katika kila fungu anafuma kumi na vinne, kisha viwili vya mwisho anavifuma pamoja vikawa kimoja. Vitanzi vinane vimepungua. Mzunguko unaofuata hapunguzi kitu. Unaofuata anafuma kumi na vitatu kabla ya kuunganisha viwili. Anaendelea hivyo, mmoja wa kupunguza, mmoja wa kupumzika, mpaka vinabaki vinane kila fungu, sitini na nne jumla. Kuanzia hapo hapumzishi tena. Kila mzunguko unapunguza, na kitambaa kinaanza kufunga kwa kasi. Angepunguza kwa kasi hiyo tangu mwanzo, utosi ungekuwa bapa. Angepunguza polepole hadi mwisho, ungesimama na ncha. Mistari minane ya kupunguza inapanda ikikutana juu. Vikibaki vitanzi vinane tu, anakata uzi akiacha shibiri, anautia kwenye sindano yenye tundu pana, anaupitisha ndani ya vyote vinane na kuvuta. Tundu linafunga. Mkia wa uzi unafichwa upande wa ndani, kwa mshazari, ili usichomoke kofia inapovutwa. Nikapiga hesabu: vitanzi zaidi ya 10,000, na kila kimoja kimepita juu ya kidole kilekile cha shahada.

Akina mama wa umri wake wengi walijifunza kufuma shuleni, kwenye vipindi vya sayansi kimu. Wadogo wanajifunza hapa. Baadhi wamekuja wakijua tayari kufuma vitambaa vya makochi kwa sindano yenye ndoano, na bibi anawaheshimu kwa hilo. Ndoano hiyo ndiyo inayookoa kazi kitanzi kinapodondoka.

"Bibi, kimeniponyoka," alisema dada mmoja, spoki zikiwa zimesimama hewani.

"Usivute. Lete."

Kitanzi kilikuwa kimeshashuka mizunguko sita, kikiacha vijiti vya uzi vilivyolala kama ngazi. Bibi aliingiza ndoano chini, akakamata kitanzi, akavuta kijiti cha kwanza ndani yake, kisha cha pili, akipanda nacho hadi juu na kukirudisha kwenye spoki. Kisha akakiangusha tena kwa makusudi na kumrudishia. "Sasa wewe."

Makosa mengine hayaokolewi hivyo. Ukisahau kupunguza katika fungu moja, utosi unavutwa upande, na anayevaa ataona kila siku. Bibi huonyesha palipoharibika kwa ukucha na hasemi kitu. Mwanafunzi mwenyewe anachomoa spoki na kuvuta uzi, mizunguko ya jioni nzima ikaondoka kwa dakika moja. Hakuna anayemcheka wala kumpa pole. Wote wanajua kwamba uzi ule ulikuwa sweta kabla ya kuwa kofia, na kwamba kuvuta ndiko kulikowaletea. Wenye haraka, nadhani, hawadumu kwenye kibaraza hiki, na si kwa sababu wanafukuzwa.

Fedha za kikundi zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kama vikoba vingine. Wanazungumzia kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka katika asilimia 4 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa vikundi vya wanawake, ili wanunue mashine ya kufumia sweta za shule. Mashine ni jambo jema. Sweta za shule zinahitajika nyingi na kwa tarehe moja. Lakini mzula na glovu watabaki nazo mikononi, na madereva wanaokwenda kreta tayari wanajua kibaraza kilipo.

Glovu ndizo zinazowashughulisha sasa. Bibi ameanza na zile zisizo na vidole, zenye gumba tu, zinazomwacha dereva ashike usukani na askari ashike redio. Kiganja ni bomba kama kofia, ila jembamba. Penye gumba unafuma vitanzi kadhaa kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine, kisha unaendelea juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Glovu ikikamilika unauchomoa uzi ule wa rangi, taratibu, na safu mbili za vitanzi zinafumbuka, ya juu na ya chini, zikisubiri kuchukuliwa na spoki. Gumba linaanzia hapo.

Dada wa kitanzi kilichoponyoka alikuwa amemaliza mkono wa kulia. Akauliza kama wa kushoto unafuata hesabu ileile.

"Hesabu ni hiyohiyo, mwanangu. Gumba ndilo linalohama."

Aliivaa ile iliyokwisha, akaugeuza mkono wa kushoto pembeni yake na kuitazama mikono yote miwili. Akahesabu vitanzi vya kiganja kuanzia upande wa pili, akakata kipande cha uzi mwekundu wa kuwekea gumba, akaanza kufuma nacho.